Sleti ya Kumwitia Bata Mzinga



Juma hili nina barua mkononi. Mwandishi wake ni msikilizaji wetu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika nyama katika jimbo la Missouri, huko Marekani, jimbo ambalo mimi pia nimeishi miaka mingi. Anasema wenzake kazini wamemwalika kwenda kuwinda bata mzinga wa mwitu majira ya kuchipua yajayo. Wamemwambia anunue kisahani cha sleti cha kuwaitia ndege hao, na alipofika dukani akakuta ukuta mzima umejaa visahani, vingine vya dola 20, vingine vya dola 100 na zaidi. "Kaka," ananiuliza, "nichukue kipi nisije nikachekwa?"

Ningeweza kumjibu kwa barua fupi na mambo yakaisha. Lakini swali hili limenigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea katika jambo hilo hilo mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea kwa ujinga. Mara ya pili nilikosea kwa adabu, na hilo la pili ndilo lililonigharimu zaidi.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajakutana na mambo haya. Bata mzinga tunayemfahamu sisi, yule wa kufugwa anayejivimbisha uani na kuwatisha watoto, asili yake ni Amerika. Watu wa Mexico ndio waliomfuga zamani, na Wahispania wakamvusha bahari hadi Ulaya katika karne ya 16. Ndugu zake wa mwitu bado wapo kwenye misitu ya Marekani, nao hawafanani kabisa na yule mzembe wa uani. Hulala juu ya miti mirefu, hukimbia kumshinda mtu, huruka, na macho yao ni makali kupita kiasi. Ukijikuna pua akiwa hatua 50 kutoka ulipo, umekwisha kumkosa. Masikio nayo ni mazuri. Bahati ya mwindaji ni kwamba pua zao si kitu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hawa walikuwa karibu kutoweka, kwa bunduki na kwa kukatwa misitu. Kuanzia miaka ya 1950 mabwana nyama wa majimbo mbalimbali walianza kuwanasa katika sehemu chache walizobakia, kwa kutumia nyavu kubwa zinazofyatuliwa kwa mizinga, naam, bata mzinga kwa mzinga, kisha wakawahamishia kwenye misitu iliyokuwa mitupu. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitokana na kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa kazi kama hizo na sheria ya mwaka 1937. Missouri ilifungua tena msimu wa kuwinda majira ya kuchipua mwaka 1960. Siku hizi ndege ni wengi kuliko wakati ule wa dhiki, ingawa katika majimbo kadhaa, Missouri ikiwamo, idadi yao imekuwa ikipungua tena katika miaka ya karibuni, na wataalamu wanahangaika kutafuta sababu.

Sasa, majira ya kuchipua ndiyo majira yao ya kupandana. Dume hulia kwa kishindo akiwa bado juu ya mti, "gobogobogobo," sauti inayovuka mabonde mawili, na majike huisikia na kumfuata aliko. Huo ndio utaratibu wao. Mwindaji hujificha chini ya mti akatoa sauti ya jike, akijaribu kuupindua utaratibu huo, ili dume ndiye aondoke amfuate jike. Kwa hiyo anaomba kitu ambacho dume hana desturi ya kukifanya. Ndiyo maana sauti ikiwa na kasoro, hata ndogo, dume hubaki pale pale alipo akaendelea kungoja afuatwe.

Kumwita ndege kwa sauti si jambo geni kwetu. Kule magharibi mwa Kenya Wajaluo huwafunga tombo, wale wawaitao aluru, ndani ya vikapu vidogo na kuvitundika kwenye mti mrefu uliosimikwa ardhini, ili mlio wao uwavute wenzao wa porini kwenye mitego iliyo chini. Lakini pale ndege halisi ndiye anayeita. Mmarekani yeye huita kwa mfupa wa bawa, au kwa kisanduku cha mbao cha aina ambayo Henry Gibson wa Arkansas aliipatia hataza mwaka 1897, au kwa kipande cha mpira kinachowekwa kinywani. Au basi kwa jiwe.

Jiwe hilo ni sleti. Wale wenzangu tulioanza darasa la kwanza miaka ya 60 tunaijua vizuri. Ni kile kibao cheusi tulichoandikia irabu kwa kijiti cha jiwe, na mtundu mmoja nyuma ya darasa hakukosa kukikwaruza makusudi mpaka meno yakafa ganzi na mwalimu akatafuta fimbo. Basi, kelele ile ile iliyotuletea viboko, huku watu wanailipia dola 100.

Kisahani chenyewe ni mviringo, kinaenea kiganjani, kimechongwa kwa mbao au kimefinyangwa kwa plastiki. Juu kimefunikwa kwa sleti nyembamba. Ndani, chini ya sleti, kuna kibao kingine kilichogundishwa juu ya kiguu kifupi, nacho kazi yake ni kuipokea sauti na kuirudisha. Chini kuna matundu ya kuitolea. Unakishika kwa ncha za vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unashika kijiti kama unavyoshika kalamu, ukikilaza kidogo, ukachora duara dogo lililobonyea kama yai. Ncha ya kijiti hung'ang'ania jiwe, ikaponyoka, ikang'ang'ania tena, mara nyingi mno ndani ya nukta moja. Ndivyo upinde unavyofanya juu ya uzi wa zeze, na ndivyo mpiga fidla wa taarabu anavyopata sauti. Kama yeye anavyopaka utomvu mkavu kwenye upinde wake, nawe huna budi kuukwaruza uso wa sleti mara kwa mara, la sivyo kijiti kitateleza tu.

Nirudi kwenye makosa yangu.

Mwaka 2018 jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyekaribia miaka 80, aliniambia atanichukua msituni. Nilizoea kumwita Mzee, neno alilolipenda sana na ambalo hata leo hajaweza kulitamka. Yeye aliniita kijana, nami nilikuwa na miaka 60. Nikaenda duka moja kubwa la vifaa vya uwindaji kununua kisahani. Kijana wa dukani akanipigia vitatu, na nikachukua kile kilicholia zaidi. Hakikuwa cha sleti, kilikuwa cha alumini. Mle dukani kilipasua hewa, watu wakageuka, nikaona nimepata silaha.

Alfajiri ya kwanza tulikaa chini ya mwaloni, hakuna upepo, hakuna jani linalotikisika. Dume akalia juu ya mti, mbele yetu kiasi cha hatua 80. Mzee akanipa ishara niite taratibu. Nikapiga. Wallahi, hata mimi nilijishtukia. Ilikuwa kama mtu amepiga filimbi ya mpira ndani ya msikiti. Dume akanyamaza, na kulipopambazuka tulimsikia akiruka kushukia upande wa pili wa kilima. Mzee hakusema neno mpaka tulipokuwa tunakunywa kahawa garini. Akaniuliza, "Kijana, ulikuwa unamwita au unamfukuza?"

Hapo nikaanza kujifunza. Alumini na kioo vina sauti kali inayofika mbali. Vina kazi yake, siku ya upepo au mchana unapotafuta dume aliye kilima cha pili. Sleti ni laini, ina ukwaruzo kidogo kooni kama jike halisi, na sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kunong'ona. Dume akiwa juu ya mti alfajiri, au akiwa amekaribia na sasa anasitasita, unachohitaji ni mnong'ono. Kwa hiyo ndugu yangu wa barua, usipime kisahani kwa kelele yake kubwa, kwa maana hata kile kibovu kina kelele. Mwambie muuzaji akipige kwa sauti ya chini kabisa kadiri awezavyo. Kama pale chini sauti inakatika au inageuka kuwa mchakacho wa jiwe tu, kirudishe ukutani.

Kuna jambo la pili la kusikiliza. Mlio wa jike anapoita si sauti moja. Unaanza juu, mwembamba, kisha unavunjika na kushuka kuwa mzito, "ki-au, ki-au, ki-au." Uvunjikaji ule ndio kila kitu. Kisahani kizuri huvunja sauti chenyewe katika mzunguko mmoja wa kijiti, wala hulazimiki kukikandamiza. Kila sleti ina mahali pake pa utamu, mara nyingi kati ya ukingo na katikati, na inafaa upatafute kwa utulivu kabla ya kuamua.

Na la tatu, ambalo wauzaji hawalisemi. Anayepiga ndiye msikilizaji mbaya kuliko wote. Matundu yapo chini na sauti inakwenda mbele, na wewe umekiinamia. Unachosikia ni mkwaruzo wa juu. Ndege anasikia kitu kingine kabisa. Kwa hiyo nenda na mwenzako, mtoke nje, yeye asimame hatua 50 na akupe mgongo, umpigie kimoja baada ya kingine bila kumtajia ni kipi. Atakachokichagua yeye ndicho ununue, hata kama mkononi mwako kilikuwa kinakukera.

Ushauri huu nilipewa na Mzee mwenyewe, na hapo ndipo linapoingia kosa langu la pili.

Majira ya baridi ya 2019 aliidondosha sleti yake sakafuni, sleti aliyoitumia miaka zaidi ya 30. Ikapasuka vipande viwili. Tukaenda kwa fundi mmoja anayevitengeneza kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, huko kwenye vilima vya Ozark. Njiani Mzee aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe, ingawa nadhani mkewe alikuwa akilijua. Masikio yamekwisha. Miaka 60 ya kufyatua bunduki ya marisau bila kuziba masikio ilikuwa imemwondolea sauti zote nyembamba. Mazungumzo ya karibu aliyasikia. Dume akilia mbali hakumsikia tena, na upande wa juu wa mlio wa jike, ule mwembamba unaotangulia, kwake haukuwapo kabisa. Mwaka uliopita, ile asubuhi niliyomfukuza dume kwa alumini, yeye hakuwa amemsikia yule dume. Alinitazama uso wangu akajua amelia.

"Wewe utakuwa masikio," akasema. "Mimi nitabaki na vidole."

Fundi akapanga visahani saba juu ya benchi. Nikaenda hatua 50 uwanjani nikawapa mgongo. Mzee akapiga, nami niliposikia jike nilitakiwa kuinua mkono. Kimoja nikainua, kingine nikaacha. Kilipofika cha nne nilisikia mlio mmoja mkavu wa juu, usiovunjika, kama bawaba ya mlango yenye kutu. Sikuinua mkono. Akarudia. Akarudia tena. Nilipogeuka nikamwona amekishika kisahani kile kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza utotoni. Kilikuwa cha mti wa mcheri, mwekundu, na kilimkaa kwenye vidole kama kile cha zamani. "Hiki kinatetemeka vizuri," akasema. "Nakisikia hadi kwenye kiwiko. Vipi huko?"

Wasikilizaji, mimi nimelelewa Tanga. Mzee mwenye mvi akikuuliza kwa uso ule, unasemaje? Nikamwambia ni kizuri, Mzee. Nikaongeza kwamba ndicho kilicho bora kuliko vyote. Fundi alinitazama, akanyamaza, akapokea dola 75.

Msimu wa Missouri mwaka ule ulikuwa wiki tatu tu, kuanzia katikati ya Aprili, na kuwinda kuliruhusiwa hadi saa 7 mchana. Tulitoka asubuhi nne za mwanzo. Asubuhi ya kwanza dume alilia mara tatu juu ya mti, Mzee akaita, dume akanyamaza. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilisikia nyayo nyuma yetu, nyayo za mtu anayenyata, na Mzee, ambaye hakusikia kitu, akaendelea kupiga. Huku wakati wa kuwinda, sauti ya jike inamwita dume, na inamwita pia mwindaji mwingine asiye na subira. Nikapaza sauti, "Tupo hapa!" bila kupunga mkono wala kuinuka, kama tulivyofundishwa. Yule mtu akasimama, akaomba radhi, akaenda zake. Kwa hiyo msikilizaji wangu, kabla hata ya kununua kisahani, hudhuria mafunzo ya usalama wa uwindaji. Usivae chochote chekundu, cheupe wala cha buluu, hata soksi, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako. Na ukisikia jike akiita kichakani usimnyatie, huenda ni baba wa watu.

Asubuhi ya nne hakukuwa na mlio kabisa. Tukarudi garini saa 5. Mzee akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha gari. Akasema labda imefika wakati wa kuacha, kwamba miaka yote alikuwa akijua kuita na sasa mkono pia umemwacha.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ukweli wote: kwamba kile kisahani kikiwa mbali hakivunji sauti, kwamba sikuinua mkono, kwamba nilimdanganya kwa kumheshimu.

Nilitegemea atahuzunika. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Nilikuchukua kule kwa ajili ya masikio," akasema. "Adabu ninayo nyumbani, mke wangu ananipa ya kutosha. Umenila siku nne katika siku 21." Kisha akawasha gari, na hatukwenda nyumbani, tulikwenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi hakushangaa hata kidogo. Akakichukua kisahani cha mcheri, akakigeuza, akauliza, "Unakipiga kwa kijiti gani?" Mzee akatoa kijiti kizito, cha mti mgumu mweusi, alichokichagua siku ile ile kwa sababu uzito wake ulimfikishia mtetemo vidoleni. Fundi akakiweka pembeni. Akampa cha mti wa hikori, chepesi, chenye ncha iliyoviringwa kidogo. Nikaenda tena hatua 50, nikawapa mgongo. Na safari hii, wallahi, nilisikia jike. Sauti ilianza juu, ikavunjika, ikashuka kifuani. Niliinua mikono yote miwili.

Kisahani kilikuwa kile kile, jiwe lile lile. Kijiti ndicho kilichokuwa kinaharibu. Hili watu wengi hawalijui, wanabadilisha visahani kila mwaka wakati walichohitaji ni kijiti cha dola 10. Mti mgumu na mzito kwa kawaida hutoa sauti kali zaidi, mti mwepesi hutoa laini, lakini kila sleti ina kijiti inachopatana nacho na kingine isichopatana nacho, na huwezi kujua mpaka ujaribu. Kwa hiyo msikilizaji wangu, ukiwa na dola 60, ni afadhali ununue kisahani cha dola 35 na vijiti viwili kuliko kisahani cha dola 60 na kijiti kimoja kilichokuja nacho. Beba na kimoja cha plastiki ngumu au kaboni, lakini ujue kwamba hicho kitakusaidia siku ya unyevu ukiwa na kisahani cha kioo. Sleti yenyewe ikilowa imelala, hata umande tu unaitosha. Ibebe ndani ya mfuko wa nailoni.

Mengine ni ya matunzo. Usiguse uso wa sleti kwa kidole, wala ncha ya kijiti, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaingia kwenye jiwe na kijiti kinaanza kuteleza. Waliokuwa shuleni na sleti watakumbuka kuwa sisi tuliifuta kwa mate. Hapa ni mwiko. Ukwaruze uso wake kwa kile kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia sufuria, kwa kwenda upande mmoja tu, kisha upige kijiti kukatisha ile mistari. Msasa mkali waachie wenye kioo. Na usikishike kisahani kwa kiganja chote ukaziba matundu ya chini, kwani umeziba koo la jike.

Sitaki nikuchoree sleti kama haina kasoro. Inataka mikono miwili, na inataka mikono hiyo itikisike, mbele ya ndege mwenye macho niliyokueleza. Dume akishafika hatua 40 inabidi uiweke chini na ushike bunduki, na ukichelewa umekosa. Ndiyo maana wengi hubeba pia kile kipande cha mpira cha kinywani. Mimi nilijaribu nikapaliwa, nikaacha.

Basi niwamalizie habari ya Mzee. Katika wiki ya mwisho ya msimu ule, mwanzoni mwa Mei, tulikaa kwenye ukingo wa shamba la majani kabla ya mapambazuko, bega kwa bega, mkono wangu juu ya goti lake. Tulikuwa tumekubaliana: dume akilia namgonga mara moja gotini, akiwa kushoto nagonga upande wa kushoto, akiwa kulia upande wa kulia. Saa 11 na nusu alilia, mbali. Nikagonga. Mzee akapiga milio mitatu tu, ya chini, kiasi kwamba mimi niliyekaa ubavuni mwake nilisikia mkwaruzo peke yake. Dume akajibu kabla kijiti hakijasimama. Nikagonga. Akashuka mtini. Akalia tena, karibu. Nikagonga. Mzee akataka kuita tena, nikamshika mkono, akaelewa.

Alitokea kwenye nyasi ng'ambo ya shamba, mweusi, kifua kikimeta kama shaba, mkia ameufungua kama feni. Alikuja hadi hatua 60 hivi akasimama. Sheria ya Mzee ilikuwa 40 na si moja zaidi. Dume akajizungusha pale, akalia, nikagonga, akalia, nikagonga. Mzee alimkwaruzia mkoromo mmoja wa chini kabisa, ule wa jike anayekula ametulia. Dume akasogea hatua mbili. Kisha jike wa kweli akapita upande wa pili wa shamba, wala hakuita, alipita tu, na dume akakunja mkia akamfuata.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mzee akafuta sleti kwa upande wa ndani wa shati, akaitia kwenye mfuko wake, akaniuliza yule bwana amelia mara ngapi. Nikamwambia mara 17.

"Goti langu," akasema, "limehesabu 16."

Ndugu wasikilizaji, hadi juma lijalo, kwaherini.